Vipande Sita vya Nyatichi

Likizo ya Aprili kwa Nyatichi haikuwa ya kulala mpaka saa nne kama watoto wengine wa mtaa wao. Saa kumi na mbili na nusu yuko macho. Anaosha vyombo vya jana, anawafungulia kuku, anakunywa chai na kiazi kitamu, halafu huyo! Anateremka ile barabara ya vumbi inayoelekea ziwani mpaka kwenye karakana ya babake. Kazi yake ya kwanza ni kufagia. Na usidhani kufagia pale ni kufagia hivi hivi. Vumbi la faibaglasi ni nyuzi za kioo zilizokatikakatika, na likikuingia shingoni utajikuna mpaka jioni.

"Nyunyiza maji kwanza!" Baba hupaza sauti kila asubuhi, hata kama Nyatichi ameshanyunyiza. "Na maski iko wapi?"

"Nimevaa, Baba."

"Hiyo umevalisha kidevu. Kidevu hakipumui."

Babake, Fundi Mosoti, alitoka kwenye milima ya Kisii miaka kumi na mitano iliyopita, akaja Homa Bay kujenga boti. Japheth, kijana wa Macalder aliyekuwa msaidizi wake, hakuchoka kumtania.

"Omera, Fundi, ni wewe peke yako hapa unajenga boti na kuogelea hujui!"

"Ndiyo sababu boti zangu hazizami," Baba hujibu. "Wengine wanajenga kwa ujuzi. Mimi najenga kwa uoga."

Wote hucheka. Lakini Jumatatu ile, lori lilipofika kutoka upande wa Nyatike na boti mgongoni, hakuna aliyecheka.

Ilikuwa boti ya zahanati moja ndogo ya ufuoni. Haikujengwa na Fundi Mosoti, ila ilijengwa vile vile yeye hujenga: kitambaa cha nyuzi za kioo, rezini, ile gundi nzito inayoganda ikawa ngumu, juu yake, kitambaa kingine, rezini tena, mpaka matabaka yatoshe. Sasa pua ya boti ilikuwa imefunguka. Haikuvunjika, ilifunguka! Matabaka yalikuwa yameachana kama kurasa za daftari lililolowa. Ungeweza kuingiza mkono mzima katikati yake.

Muuguzi aliyekuja na lori, Sista Marcella, aliigusa ile pua huku akisimulia.

"Nilikuwa na mama mjamzito ndani. Tulipofika ufuoni tukagonga mawe, si kwa nguvu, kidogo tu. Nikasikia kama kitambaa kinararuka. Maji yakaingia. Tulikuwa karibu, nikambeba. Ingekuwa katikati ya ziwa, Fundi, saa hii ungekuwa unaongea na mtu mwingine."

Aliagiza boti mpya na kusema anaitaka kwa wiki mbili. Lori likaondoka, Baba akabaki ameinama kwenye ile pua, akipapasa matabaka kwa kidole.

Aliyekuwa na jibu ni Beverlyne. Nyatichi alimwita Anti Bev. Alikuwa binti wa Ndhiwa, mwanafunzi wa chuo kikuu, na alikuwa amekuja karakana kwa utafiti wake. Hapo hapo akakimbilia mkoba wake, akatoa karatasi za foili, zile za kufungia chakula. Juu ya kila foili kulikuwa na kitu cheupe, chembamba, kama mvuke ulioganda kwenye kioo.

"Fundi, ugonjwa wa hii boti ndio nimesomea," alisema. "Kati ya tabaka na tabaka hakuna kitu ila rezini. Ufa ukianza, unateleza tu hapo katikati, hakuna wa kuuzuia. Sasa huu utando ni nyuzi nano. Chukua unywele wako mmoja, upasue mara mia mbili. Kila kipande ndicho unene wa uzi mmoja hapa."

"Eish!" Japheth alisema. "Na uzi kama huo utashika boti?"

"Mmoja hauwezi. Hapa ziko mamilioni. Ukilaza utando kati ya matabaka, zile nyuzi zinashikilia huku na huku. Ufa ukitaka kupita, lazima uzikate moja moja. Unachoka."

Fundi Mosoti alikuna kidevu. "Mimi siweki kitu kwenye boti ya watu kabla sijakiona kikishika."

"Basi tujaribu. Tutengeneze vipande kumi na viwili, upana wa vidole viwili. Sita vya kawaida, sita vyenye utando. Tuvivute mpaka vifunguke. Vyangu visiposhinda vyako, nakunja utando wangu narudi chuo. Sitakusumbua tena."

"Na vikishinda?"

"Unaweka utando kwenye pua ya boti ya Sista Marcella."

Wakapeana mikono.

Siku ya Jumanne, Anti Bev alimwita Nyatichi pembeni. Akampa bahasha yenye foili sita ndogo.

"Wewe vidole vyako ni vidogo na unafanya vitu taratibu. Bandua utando kwenye foili, ulaze juu ya tabaka la chini, halafu Japheth ataleta rezini. Kila kipande uandike herufi N, ya nano, kwa kalamu nzito. Nakimbia mjini kutafuta glavu. Usiharakishe, sawa? Mashine inachukua siku nzima kutoa utando huo, na huko chuoni stima inapotea kila saa."

"Sawa, Anti."

Wee! Nyatichi alijiona daktari. Aliketi kwenye meza karibu na mlango, bahasha mbele yake, akinyonya kipande cha mwisho cha muwa alionunua njiani. Ndipo Liz akapita, mwenzake wa darasa la saba.

"Unafanya nini, Nyatichi? Unafunga samosa?"

"Samosa gani? Huu ni utafiti wa chuo kikuu. Hii kitu imetengenezwa na umeme. Ni nyembamba kuliko unywele mara mia mbili."

"Acha uongo."

"Kuja uone!"

Alishika ukingo wa utando kwa kidole gumba na cha shahada, akauvuta kutoka kwenye foili. Ulitoka vizuri, kisha upepo wa ziwani ukaingia mlangoni, mdogo tu, na utando ukaruka ukamgandia kiganjani. Kiganja kilikuwa bado na utomvu wa muwa. Alijaribu kuutoa kwa mkono wa pili, nao ukashika huko pia. Katika sekunde tatu ulikuwa uzi mmoja mchafu uliojiviringa katikati ya vidole.

Liz alicheka mpaka akashika ukuta. "Utafiti wa chuo kikuu!"

"Nyamaza, huo ulikuwa mbovu."

Akachukua wa pili. Ukajikunja. Wa tatu aliubandua haraka, ukararuka. Moyo ulianza kumdunda, na vile moyo ulivyozidi kudunda ndivyo vidole vilivyozidi kutoa jasho. Wa nne. Wa tano. Kila mara alijiambia huu unaofuata utatoka tu, hakuna mtu atajua. Liz hakuwa anacheka tena.

"Nyatichi, wacha basi. Mwambie akija."

"Aambiwe nini? Kwamba nimeharibu zote? Baba atasema nini?"

Wa sita ulipojiviringa kama zile tano, mezani kulikuwa na foili sita tupu na donge moja dogo jeupe, kama pamba ya kusafishia kidonda.

"Mimi naenda," Liz alisema kwa sauti ndogo.

Ndani, Japheth aliita, "Nyathina, mtoto wangu, rezini iko tayari! Umeshalaza?"

Swali lilikuwa rahisi. Jibu lake lilikuwa neno moja tu. Nyatichi alifungua mdomo kusema hapana, na alichosikia kikitoka ni, "Ndiyo."

Akatia donge mfukoni. Akalaza vitambaa vitupu, Japheth akamwaga rezini na kusukuma rola juu yake. Ilipoganda, Nyatichi akachukua kalamu nzito na kuandika kwa mwandiko wake mzuri ule unaosifiwa shuleni: N1, N2, N3, N4, N5, N6.

Ijumaa asubuhi jaribio lilifanyika. Anti Bev alikuwa amepanga kila kitu. Ncha moja ya kila kipande imeachwa wazi kama mdomo. Mdomo wa juu unabanwa kwenye jiriwa, mdomo wa chini unafungwa waya, na kwenye waya unaning'inia mtungi wa lita tano. Unamimina maji kikombe kwa kikombe mpaka matabaka yaachane kufikia alama nyekundu. Mhesabu vikombe alikuwa Nyatichi.

Vipande vya kawaida vilikwenda hivi: vikombe tisa, vinane, tisa, tisa, vinane, tisa. Baba aliitikia kwa kichwa. Ndivyo alivyotarajia.

"Sasa vyangu," Anti Bev alisema, na akasugua mikono kama mtu anayesubiri pilau.

Kikombe cha tano. Cha sita. Cha saba. Nyatichi alimimina polepole, kana kwamba polepole ingeweza kusaidia kitu. Kikombe cha tisa kilipoingia, kra! N1 ikafunguka. N2, vinane. N3, tisa. Anti Bev hakuwa anasugua mikono tena. Mpaka N6 ilipofunguka, hakuna kipande kilichozidi vikombe tisa.

"Ni sawasawa," Baba alisema kwa upole. "Havikuzidi hata kidogo."

"Labda mashine yangu," Anti Bev alisema. "Labda nilichanganya vibaya. Sijui." Alitoka nje kumpigia simu mwalimu wake wa chuo. Kupitia ukuta wa mabati Nyatichi alisikia kila neno: "Ndiyo, Daktari. Hapana, haukushika... Ndiyo, mwaka mzima, najua... Nitarudi Jumapili."

Aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini alitabasamu. Akaichomoa ile kalamu nzito kwenye mkoba wake akampa Nyatichi.

"Chukua, ni yako. Umefanya kazi safi. Si kosa lako kwamba yangu haikufaulu."

Nyatichi aliishika kalamu na akahisi uso ukimchoma kama amemwagiwa chai. Alisema asante. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwamba mdomo wake uliweza kusema asante.

"Boti tutaijenga Jumapili asubuhi," Baba akamwambia Japheth. "Leo jua likizama ni Sabato, siwezi kuanza kitu nisichomaliza. Pua tutaongeza tabaka mbili. Itakuwa nzito, lakini tutafanya nini?"

"Hata nzito itafunguka, Fundi," Japheth alisema. "Itachukua muda tu."

Baba aliokota kipande kilichofunguka, akakigeuza. Alijua.

Jumamosi, Nyatichi alikaa kanisani na mamake kwenye benchi la tatu, amevaa shingoni skafu ya Pathfinda, kikundi cha vijana wa kanisa. Alikuwa ameomba ibada iishe haraka. Lakini wakati wa shuhuda ulifika, na nani akasimama? Fundi Mosoti, ambaye kwa mwaka mzima husimama mara moja tu, siku ya mavuno.

"Wapendwa, Sabato njema. Mimi nashukuru kwa ajili ya binti yangu. Wiki hii amesaidia utafiti wa chuo kikuu pale kwangu. Kazi ya watu wazima! Matokeo hayakuwa yale tuliyotaka, lakini nilimwangalia akihesabu. Hakuongeza, hakupunguza. Mtoto mwaminifu ni zawadi."

"Amina!" kanisa likaitikia.

Mama alimpapasa goti. Bibi mmoja wa nyuma alimgusa bega na kumwambia ubarikiwe. Nyatichi aliangalia viatu vyake. Alitamani mtu yeyote, hata adui, asimame aseme huyu ni mwongo, ili yeye asilazimike. Hakusimama mtu.

Baada ya ibada, watu walipokuwa wakipakua chakula cha mchana chini ya hema, Liz alimjia. Yeye hakuwa Msabato. Alikuwa amepita tu kumtafuta.

"Nimesikia watu wakisema umetajwa kanisani."

"Liz, tafadhali."

"Mimi sitasema. Si yangu kusema." Liz aliangalia pembeni. "Lakini shangazi yangu anakaa kule Nyatike, na ana mimba. Atapanda hiyo boti. Najua hukufikiria hivyo. Sasa fikiria."

Akaenda zake. Nyatichi akaondoka kwenye foleni ya chakula.

Jumapili kulikucha na jua kali. Karakanani, kalibu, lile umbo ambalo boti hujengwa ndani yake, ilikuwa imepakwa nta, inang'aa. Vitambaa vya nyuzi za kioo vilikuwa vimekatwa na kupangwa. Anti Bev alikuja baada ya misa ya kwanza, begi begani, na chini ya kwapa amebeba bomba refu la kadibodi. Ndani yake mlikuwa na utando mkubwa, ule uliotengenezwa mahususi kwa pua ya boti. Alikuwa anaurudisha chuo.

"Nimekuja kuaga tu, Fundi."

"Kaa kidogo uone tukianza. Utakunywa chai ndio uende stendi."

Baba alichota rezini kwenye ndoo kubwa. Akachukua chupa ya dawa ya kugandisha, akapima kwa kifuniko. Kila mtu pale alijua maana yake. Dawa ikishaingia, una dakika ishirini. Rezini ikishaganda, hakuna mtu duniani wa kuirudisha nyuma.

"Baba," Nyatichi alisema.

Hakusikika. Baba akamimina. Japheth akaanza kukoroga.

"Baba, ngoja!"

"Nini tena? Sema haraka, rezini haingoji."

"Usijenge." Alishika ukingo wa ndoo. "Vile vipande havikuwa na utando. Vyote sita. Nilikuwa nimekula muwa, utando ukanishika mikononi, nikaharibu mmoja, nikajaribu mwingine, nikaharibu zote. Halafu Japheth akaniuliza kama nimelaza, nikasema ndiyo. Nikaandika N. Hakuna N. Ilikuwa ni rezini tu."

Kijiti cha Japheth kilisimama ndani ya ndoo. Anti Bev aliweka begi chini taratibu, kama kitu kinachoweza kupasuka, akaketi juu ya pipa.

"Zote sita?" aliuliza.

"Zote."

"Kwa hivyo tulipima kitambaa kitupu na kitambaa kitupu." Alijicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Ndiyo maana. Tisa, nane, tisa. Tisa, nane, tisa. Na mimi nimempigia Daktari wangu nikamwambia kazi yangu haina maana. Nyatichi, usiku wa Ijumaa nililia. Nilikupa kalamu yangu."

Nyatichi alikuwa nayo mfukoni. Aliitoa na kumnyooshea. Anti Bev hakuipokea. Mkono ukabaki hewani, na hakuna aibu aliyowahi kuipata iliyofika ile ya kusimama pale, mkono umenyooshwa, na hakuna anayeupokea.

"Fundi," Japheth alisema kwa sauti ya chini, "inaanza kushika."

Baba hakuitazama ndoo. Alikuwa akimtazama bintiye. "Wacha ishike."

"Ndoo nzima?"

"Nimesema wacha."

Rezini ikaanza kupata moto, kama ifanyavyo ikiwa nyingi mahali pamoja. Moshi mwembamba ukapanda, na harufu kali ikajaa karakana. Japheth aliifunika mikono yake kwa gunia akaitoa ndoo nje.

"Jana," Baba alisema, "ulikaa pale benchini ukinisikiliza."

"Ndiyo, Baba."

"Nikisema vile nilisema."

"Ndiyo, Baba."

Hakupiga, hakupaza sauti. Nyatichi angependelea apaze.

Anti Bev alisimama, akavuta bomba la kadibodi karibu, akalifungua. "Kuna ukingo hapa ninaoweza kukata. Unatosha vipande sita. Nyatichi, acha kulia kwanza, nataka kuelewa. Nionyeshe ulivyofanya. Ulishika wapi? Utando uliruka saa ngapi?"

Nyatichi alionyesha, akieleza kila hatua: upepo wa mlangoni, vidole, jasho, namna ulivyojikunja. Sasa kwa kuwa alikuwa ameshasema lile kubwa, haya madogo yalitoka yenyewe. Anti Bev alimsikiliza akikunja uso.

"Chuoni chumba hakina upepo," alisema. "Mimi mwenyewe hupoteza mmoja kati ya tatu. Nilipaswa kukwambia hilo. Kwenye boti kubwa hapa wazi, ukweli ni kwamba hata mimi ningeuharibu."

Japheth, aliyekuwa amerudi akijifuta jasho, aliinama akauangalia utando kwenye foili. "Lakini hii si ni stika tu?"

"Stika?"

"Stika ya nduthi, zile za kubandika pikipiki. Hakuna mtu anabandua stika akaibeba hewani, itajikunja. Unaigeuza na karatasi yake, uso chini, unakandamiza, halafu ndio unatoa karatasi. Si tupake rezini kwanza, tugeuze hii foili juu yake, tukandamize, halafu tuvute foili?"

Anti Bev alimtazama Japheth, akautazama utando, akamtazama tena. "Rezini itaushika utando kabla foili haijatoka," alisema polepole. Kisha akapiga meza. "Japheth, wewe mtu wa Macalder, umesomea wapi?"

"Stendi ya pikipiki, madam."

Walifanya hivyo hivyo. Foili ya kwanza iligeuzwa, ikakandamizwa kwa rola, ikavutwa. Utando ulibaki umelala kwenye rezini, laini, bila mkunjo hata mmoja. Walitengeneza vipande kumi na viwili upya. Lakini safari hii Baba alitoa amri mpya: Japheth ataweka alama za siri, na wanaohesabu vikombe hawatajua kipi ni kipi. Hakumtazama Nyatichi alipokuwa akisema, na Nyatichi alijua ni kwa sababu yake. Miaka kumi na mitatu neno lake lilitosha pale nyumbani. Sasa lilihitaji alama za siri.

Jumatano walivipima. Maji yakamiminwa, vikombe vikahesabiwa kwa sauti. Kipande kimoja kilifunguka kwa tisa. Kingine vinane. Halafu kimoja kikafika tisa na hakikufunguka. Kumi. Kumi na moja. Anti Bev alishika mkono wa Japheth. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kra!

"Leta kingine!" alipiga kelele.

Kumi na nne. Tisa. Kumi na tano. Vinane. Walipomaliza, Japheth alifunua orodha yake. Vile vilivyoshikilia mpaka kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano, vyote sita vilikuwa vya utando. Anti Bev alirukaruka kama mtoto wa chekechea, na Fundi Mosoti akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Nyatichi naye alitaka kuruka. Badala yake alisimama karibu na mtungi, kikombe mkononi, akifurahi na kuona aibu kwa wakati mmoja.

Anti Bev alipotulia, alifungua daftari lake kubwa la utafiti kwenye ukurasa wa Ijumaa iliyopita.

"Kuja hapa," alisema. "Mimi sirarui kurasa. Kilichotokea kimetokea, lazima kiandikwe. Andika wewe mwenyewe."

"Niandike nini, Anti?"

"Ukweli. Na jina lako."

Nyatichi alichukua kalamu. Kando ya N1 mpaka N6 aliandika: *Vipande hivi sita havikuwa na utando. Niliharibu tando zote sita nikaficha.* Mwandiko haukuwa mzuri hata kidogo. Alipofika kwenye jina alisita, maana daftari lile litasomwa na madaktari wa chuo na wanafunzi asiowajua. Kisha akaandika lote: Nyatichi Mosoti. Jina la Baba nalo likaingia pale.

Baba alikuwa amesimama nyuma yake, amesoma kila neno. Akavuta kigoda akaketi, wakawa wanatazamana uso kwa uso.

"Sikiliza," alisema. "Kuharibu si ajabu. Mimi nimeharibu boti nzima mwaka wa kwanza. Japheth ameharibu nyingi zaidi yangu."

"Ni kweli kabisa," Japheth alisema.

"Ungesema Jumanne ile, tungekasirika kidogo, tungecheka, na hii njia ya foili tungeipata siku hiyo hiyo. Kosa lako si muwa, na si upepo. Kosa ni kuandika N mahali pasipo na N. Kwa sababu sisi wote tuliiamini ile herufi. Na baadaye Sista Marcella angepanda boti, na yule shangazi wa Liz uliyenieleza angepanda, na hao wasingeona hata herufi. Wangeamini tu kwamba aliyejenga alisema kweli. Mtu akiwa katikati ya maji hawezi kufungua boti aangalie ndani. Kwa hivyo wewe unayefanya kazi ya ndani, ile isiyoonekana, ndiwe unayepaswa kuwa mkweli kuliko wote. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Baba."

"Nitakuamini tena. Si leo. Lakini nitakuamini."

Kisha akainuka, akafungua ndoo mpya ya rezini. Anti Bev alikuwa ameshaukunjua utando mkubwa, ameshika ncha moja ya foili, na alikuwa akitafuta mtu wa kushika ncha ya pili.

"Nyatichi," alisema, "shika hapa. Nikisema geuza, tunageuza pamoja."